Maandishi ya Kitaaluma na Haki ya Msomaji

Katika shule zetu za sekondari ni mafundisho machache yanayojulikana kuliko yale ya sehemu tatu za insha: utangulizi, kiini na hitimisho. Mwanafunzi huyapokea mapema, akayachukua hadi katika chumba cha mtihani, na baadaye akaenda nayo chuoni na ofisini. Hatuna ugomvi na sehemu hizo tatu. Ugomvi wetu ni na mazoea ya kuzifundisha kana kwamba ni vyungu vitatu vilivyopangwa jikoni vikingoja kujazwa, pasipo mtu kuuliza kinapikwa nini na mlaji ni nani. Matokeo yake ni maandishi yenye umbo timilifu na hoja haba: utangulizi unaofasili maneno ambayo hakuna aliyeyatilia shaka, kiini kinachoorodhesha mambo yasiyojuana, na hitimisho linalorudia utangulizi kwa maneno mengine.

Sisi tunaoshughulika na utungaji wa mashairi twaifahamu vema hatari hiyo. Shairi laweza kutimiza mizani kumi na sita katika kila mshororo, vina vyake vya kati na vya mwisho vikalingana tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na bado likawa halina neno. Msikilizaji mwenye busara hulisifu kwa adabu, kisha akalisahau kabla hajafika nyumbani. Umbo ni sharti, lakini umbo halijawa bado ujumbe.

Katika makala haya twakusudia kuzitazama aina tano za maandishi ya kitaaluma ambazo walimu na wanafunzi hukutana nazo mara kwa mara: insha ya hoja, ufupisho, ripoti ya uchunguzi, uhakiki wa fasihi na tasnifu. Dai letu ni moja. Kila sehemu ya andiko la kitaaluma ni jibu la swali ambalo msomaji ana haki ya kuliuliza. Anayelijua swali hataisahau sehemu. Anayeijua sehemu pasipo swali lake atajenga nyumba yenye milango mingi isiyo na vyumba.

Insha ya hoja

Insha ya hoja ndiyo mama wa maandishi haya yote. Msomaji wake huuliza maswali manne: Jambo gani linabishaniwa? Wewe unashika upande gani? Kwa nini nikuamini? Na nikikuamini, litokee nini? Utangulizi hujibu maswali mawili ya kwanza, kiini hujibu la tatu, na hitimisho hujibu la nne. Tukilifahamu hilo, twaona mara moja kwa nini hitimisho linalorudia utangulizi ni hitimisho lililokwepa kazi yake.

Mfano mwema tunao katika maandishi ya taifa letu wenyewe, nao ni Elimu ya Kujitegemea, andiko alilolitoa Mwalimu Julius Nyerere mwezi Machi mwaka 1967. Watu wengi hulikumbuka kwa sababu ya mashamba ya shule, lakini atakayelisoma kwa utaratibu ataona kwamba mashamba hayo hayakutangulizwa. Mwandishi anaanza kwa kuonyesha kwamba tangu zamani kabla ya uhuru tumekuwa tukidai elimu zaidi pasipo kujiuliza sawasawa elimu hiyo ni ya nini. Baada ya swali hilo anaitazama elimu tuliyorithi kwa wakoloni na makusudi yake. Kisha anaeleza ni jamii ya namna gani tunayotaka kuijenga. Ndipo anapoupima utaratibu uliokuwapo kwa kipimo cha jamii hiyo, akazionyesha kasoro zake. Mwisho kabisa anatoa mapendekezo.

Tuugeuze mpangilio huo, tuanze na mashamba. Msomaji angeuliza mara moja: kwa nini watoto walime badala ya kusoma? Mwandishi angelazimika kujitetea tangu aya ya kwanza. Kwa kuweka swali mbele na kipimo katikati, amemfanya msomaji afike kwenye pendekezo akiwa amekwisha kukubali nusu ya njia. Mtu aweza kuyapinga mapendekezo yale, na wengi wameyapinga; lakini ni lazima ayapinge kwa kurudi kwenye hatua mojawapo na kusema, hapa ndipo tunapoachana. Insha njema humpa hata mpinzani wake mahali pa kushika.

Ufupisho

Ufupisho hudharauliwa kwa kuwa ni mfupi. Mwanafunzi huhesabu maneno, akakata sentensi hapa na pale mpaka idadi itimie, akaona kazi imekwisha. Lakini msomaji wa ufupisho ana swali gumu: katika yote yaliyosemwa, ni lipi ambalo likiondolewa mengine yataanguka? Kulijibu swali hilo kwahitaji kulielewa andiko zima kuliko kunavyohitajika kulisoma.

Katika utumishi wa umma kazi hii ina jina lake na heshima yake. Jalada lenye kurasa mia mbili hupelekwa kwa mkubwa likiwa na dokezo la ukurasa mmoja juu yake: suala ni hili, historia yake ni hii, kanuni zasema hivi, ushauri wetu ni huu. Mkubwa huyo hana nafasi ya kusoma kurasa mia mbili, naye ataamua kwa kuutegemea ukurasa mmoja. Mwandishi wa dokezo akiacha jambo linalopinga ushauri wake, hakufupisha, ameficha. Ikisiri inayotangulia makala ya kitaaluma hubeba amana iyo hiyo, kwa kuwa wengi wataisoma hiyo peke yake. Ni vema mwalimu amfundishe mwanafunzi kwamba ufupisho ni kazi ya uaminifu kwanza, kisha ndipo iwe kazi ya hesabu.

Ripoti ya uchunguzi

Ripoti ya uchunguzi hufuata mpangilio unaojulikana duniani kote: swali, njia iliyotumika, matokeo, mjadala wa matokeo, na hitimisho. Msomaji wake huuliza: Ulitaka kujua nini? Ulifanyaje? Uliona nini? Unadhani maana yake ni nini? Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba huyatenga yale mtu aliyoyaona na yale anayoyadhani, nayo ni mambo mawili ambayo ulimi wa binadamu hupenda kuyachanganya.

Hapa pia hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba huko Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyaweka katika jokofu. Siku moja, kwa kuhofia kukosa nafasi, Mpemba aliyaweka yake yangali moto, na mwenzake akaweka maziwa ambayo hayakuchemshwa. Baada ya saa moja na nusu maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Alipomwuliza mwalimu sababu yake, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika Shule ya Mkwawa mjini Iringa na kuuliza tena, aliambiwa kwamba hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Na wenzake wakaufanya msemo huo kuwa mzaha.

Ndipo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo na kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alimwuliza: tukichukua vyombo viwili vyenye maji ya ujazo ulio sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, tukaviweka katika jokofu, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, ni kwa nini? Twaomba msomaji alitazame swali hilo kwa makini. Halisemi tu kwamba maji ya moto ni ya ajabu. Lina vitu viwili vinavyolinganishwa, lina kiasi kilichowekwa sawa, lina kiasi kilichotofautishwa, na yeyote mwenye jokofu aweza kulijaribu. Swali la namna hiyo limekwisha kuibeba nusu ya ripoti. Kwa sababu hiyo Osborne hakuweza kulijibu kwa mzaha, alikwenda kujaribu.

Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Makala hayo yana sauti mbili. Kwanza Mpemba anasimulia mwenyewe yaliyompata, kwa mpangilio wa wakati. Kisha Osborne anaeleza majaribio ya chuoni: maji ya ujazo wa sentimita za ujazo 70 katika bilauri, yamewekwa katika sehemu ya barafu ya jokofu. Anaeleza pia kwamba walipotandaza mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa sana, jambo lililoonyesha kwamba joto jingi lilikuwa likitokea juu. Na hakuficha kituko kimoja: fundi wa maabara, alipoona kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, alimwahidi kwamba ataendelea kulirudia jaribio mpaka yapatikane matokeo yaliyo sahihi.

Kituko hicho kina mafunzo mengi kuliko kurasa nyingi za mwongozo. Fundi yule alikuwa na hitimisho kabla ya matokeo. Sehemu ya njia na sehemu ya matokeo zimewekwa katika ripoti ili kuizuia tabia hiyo, ambayo sisi sote tunayo. Makala ya Mpemba na Osborne yana kasoro moja kwa macho ya mhakiki mkali, nayo ni kwamba masimulizi yamechukua nafasi kubwa kuliko ilivyo desturi ya majarida ya sayansi. Sisi tunaiona kasoro hiyo kuwa ni sifa. Msomaji alikuwa na haki ya kujua swali limetoka wapi, na asili ya swali ilikuwa jikoni, katika mikono ya mwanafunzi aliyehofia kukosa nafasi.

Hadithi hii haikuishia kwenye ushindi mwepesi. Mwaka 2016 wachunguzi wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walichapisha majaribio yao, wakasema kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha kuthibitisha jambo hilo, na kwamba hata kuhama kidogo kwa kipimajoto ndani ya maji kwaweza kuleta matokeo ya kudanganya. Msomaji wa hitimisho peke yake atasema kwamba Mpemba ameshindwa. Lakini msomaji wa sehemu ya njia ataona kwamba wao walipima muda wa maji kupoa hadi nyuzi 0, ilhali Mpemba aliuliza juu ya kuganda. Haya ni mambo mawili yaliyo karibu lakini si mamoja. Hoja haijafungwa, na inaweza kuendelea kwa sababu pande zote mbili zimeandika walivyofanya. Mzaha wa darasani haukuacha kitu cha kukipima, ripoti imeacha.

Uhakiki wa fasihi

Hapa ndipo mahali ambapo, kwa maoni yetu, mazoea ya shule yameleta hasara kubwa kuliko kwingine. Mwanafunzi hufundishwa kukigawa kitabu katika maudhui na fani. Kisha maudhui yakagawanywa kuwa dhamira, ujumbe, msimamo, falsafa na migogoro. Na fani ikagawanywa kuwa muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Mgawanyo huo ni chombo chema cha kuanzia. Unamsaidia msomaji mchanga asipite kitabuni kama mgeni aliyefumba macho. Lakini mwanafunzi wetu huuchukua mgawanyo wenyewe akaufanya ndio uhakiki. Hujaza kila kichwa kwa sentensi mbili tatu, kama karani anayehesabu mali ya ghala mwisho wa mwaka. Orodha ikitimia, huweka kalamu chini.

Tuchukue Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Orodha itatuambia kwamba dhamira yake ni haki na dhuluma, kwamba mhusika mkuu ni Karama, na kwamba mandhari ni nchi ya kubuni iliyo angani. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalotufanya tukijue kitabu zaidi. Sasa tuulize swali moja tu la mhakiki: Karama ameshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, kwa nini hajitetei kwa kusema sheria ni njema, bali anatumia siku sita kusimulia safari za wajumbe sita?

Swali hilo linavivuta vichwa vyote vya orodha mahali pamoja. Wajumbe wale walitumwa pande zote, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na jambo la kuifaa nchi yake, na kila mmoja akalipwa adhabu. Mmoja angeweza kuitwa bahati mbaya. Wawili wangeweza kuitwa makosa ya watu. Lakini sita, kutoka pande zote zilizopo, ni ushahidi kwamba ubaya umo katika utaratibu wa nchi wenyewe. Hivyo muundo wa kitabu, ambao orodha huutaja kwa neno moja, ndio utetezi wa Karama. Baraza halikushindwa kwa wingi wa maneno. Lilishindwa kwa mpangilio wa ushahidi. Hapa dhamira, muundo na mhusika havikai tena katika vichwa mbalimbali, kwa kuwa swali limeviunganisha.

Muundo wa uhakiki, basi, ni huu: swali linalotokana na jambo la kushangaza katika kitabu, dai la mhakiki, ushahidi kutoka kitabuni, pingamizi linaloweza kuletwa, na maana ya yote kwa mtu anayesoma. Twawasihi ndugu walimu wasiitupe ile orodha. Waitumie kama mkulima atumiavyo ghala: hakuna anayekula ghala, lakini mpishi huenda huko kuchukua anachokihitaji.

Tasnifu

Tasnifu huwatisha vijana kwa urefu wake na kwa wingi wa sura zake: utangulizi wa tatizo, mapitio ya maandiko, nadharia na njia za utafiti, uchambuzi wa matokeo, hitimisho na mapendekezo. Kwa kweli ni ripoti na insha ya hoja zilizokua pamoja, na jambo jipya kubwa ndani yake ni sura ya mapitio. Swali la msomaji katika sura hiyo ni: waliokutangulia walisema nini, nawe unaongeza nini?

Hili lisiwe geni kwa watu wa lugha yetu. Washairi wa Kiswahili wamelumbana kwa vizazi vingi, na katika malumbano yao ilikuwa aibu kumjibu mtu kabla ya kuonyesha kwamba umemsikia. Mjibu shairi huyataja ya mwenzake, mara nyingi akazifuata bahari na vina vyake, ndipo alete yake. Mapitio ya maandiko ni adabu iyo hiyo kwa nathari. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, alizieleza kanuni kisha akafuatisha mashairi yake. K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi walipotoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, nao walitanguliza maelezo kisha wakafuatisha mashairi yao, ingawa hawakukubali kwamba vina na mizani ndio uti wa mgongo wa ushairi. Vitabu viwili vinavyopingana vimejengwa kwa namna moja: dai, kisha ushahidi. Ndiyo maana msomaji aweza kuviweka mezani pamoja akavipima. Sisi tuliolelewa katika vina na mizani hatukuyakubali yote ya hao wa pili, lakini hatuwezi kusema kwamba hawakutupa la kujibu.

Wako wanaosema kwamba kazi za namna hii haziwezekani kwa Kiswahili. Hao tungewakumbusha kwamba mwaka 1976 Euphrase Kezilahabi aliandika kwa Kiswahili tasnifu yake ya shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, juu ya Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoikamilisha Marekani mwaka 1985, aliiandika kwa Kiingereza. Mtu ni yule yule na fikra ni zile zile. Kilichobadilika ni chuo na wasomaji. Lugha yetu haikumwangusha katika ile ya kwanza. Mwanafunzi ambaye hajajifunza kupanga hoja kwa lugha anayoiotea ndoto hatajifunza kuipanga kwa lugha anayoiogopa. Ataazima maneno makubwa akajifunika nayo.

La kufanya

Hatupendekezi mtaala mpya. Twapendekeza mwalimu afanye mambo matatu ambayo hayana gharama. La kwanza, kabla mwanafunzi hajaandika neno, amtake aseme kwa sentensi moja swali analolijibu. Asiyeweza kulisema hajawa tayari kuandika. La pili, anaposahihisha, aandike pembeni mwa kila aya swali ambalo msomaji angeliuliza hapo, na aone kama aya hiyo imelijibu. La tatu, asimpunguzie alama mwanafunzi kwa kuwa jibu lake ni geni, maadamu ameonyesha njia aliyolifikia. Jambo geni lililoandikwa kwa utaratibu hupimwa; likikosa kweli litaanguka lenyewe, wala halihitaji kuchekwa.

Taifa lililozoea kuandika hivyo halitegemei cheo cha msemaji ili kujua ukweli wa neno lake. Mtoto wa Kidato cha Tatu na mwalimu wa Chuo Kikuu waliweza kutia sahihi makala mamoja kwa sababu waliliheshimu swali moja. Vijana wenye maswali kama lile la Mpemba wamo katika madarasa yetu hata sasa. Tuwafundishe kuyaandika.